Nyambizi vibete au zinazojiendesha: jeshi dogo la majini lianzie wapi?

Kina_Kifupi:

Wakuu, salaam. Naomba darasa kutoka kwa wanaoyajua mambo ya chini ya maji.

Chukulia jeshi la majini lenye boti za doria tu, halijawahi kumiliki nyambizi hata moja, na bahari yake ni ya kina kifupi: mita 30 hadi 100, midomo ya mito kadhaa, nyavu za wavuvi kila upande. Kuna kambi inayosema lijenge nyambizi kibete ya tani 30 hadi 130, watu wanne hadi saba, njia waliyopita Yugoslavia, Korea Kaskazini na Iran. Kambi nyingine inasema siku za kumfungia baharia ndani ya kopo zimekwisha, pesa yote iende kwenye vyombo vinavyojiendesha.

Siasa ya nani ana adui gani tuiache. Nataka kujua kwa nini chombo kikipungua tani ugumu unazidi, betri inatosha kwa safari gani, chombo kisicho na mtu kinajuaje kilipo, na kipi hasa ndicho huharibika. Wenye namba mwageni.

Tezi_na_Omo:

Mkuu, weka pembeni silaha na kompyuta, shika mzani kwanza. Nyambizi iliyozama inatakiwa iwe na uzito sawasawa na maji iliyoyapisha. Ya tani 2,000 inasamehe ukikosea kilo mia. Ya tani 30 haisamehi hata mtu kuhama kiti.

Hesabu hii hapa. Chombo cha tani 30, kitovu cha uzito kiko sentimita 15 chini ya kitovu cha kuelea. Fundi wa kilo 80 anatoka nyuma, anasogea mita 3 kuelekea omo kuangalia betri. Zidisha 80 kwa 3, gawa kwa 30,000 mara 0.15. Unapata 0.053, yaani pua imeinama nyuzi 3. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, nyuzi 3 zinakushusha zaidi ya mita 4 kila dakika, na sakafu ya bahari yako iko mita 30. Ukimpeleka fundi huyohuyo kwenye nyambizi ya tani 2,000 yenye sentimita 30 kati ya vitovu, mwinamo ni nyuzi 0.02. Hakuna atakayejua kama alihama.

Sasa midomo ya mito uliyoitaja. Maji ya bahari yana kilo 1,025 kwa mita ya ujazo. Ukiingia kwenye maji ya kilo 1,015, chombo chako cha tani 30 kinapoteza kani ya kuelea ya karibu kilo 290. Tangi la kusawazisha likiwa na lita 200 tu, huna la kutoa tena, unazama. Ukitoka upande wa pili kwenye chumvi kamili unapanda juu kama kizibo, tena pengine mbele ya boti ya doria. Kwa maji ya namna hiyo mimi nisingekubali mchoro wenye tangi la kusawazisha lililo chini ya asilimia 3 ya uzito wa chombo, na tangi hilo liwe na kuta za ndani zilizotobolewa, maana maji yakicheza ndani ya tangi lililojaa nusu yanakula uthabiti ambao tayari ni mdogo.

Silaha nazo ni uzito unaoondoka ghafla. Nyambizi vibete za Kijapani za Ko-hyoteki zilikuwa na tani 46 na zilibeba topido mbili za kipenyo cha milimita 450, kila moja karibu tani moja. Topido ikitoka omo, pua inaruka kabla maji hayajaingia kufidia. Ndiyo maana Yugoslavia ilipojenga nyambizi sita za daraja la Una miaka ya 1980, tani 76 na urefu wa karibu mita 19, haikuweka mirija ya topido kabisa. Walibeba mabomu ya kutega na vyombo vya wazamiaji kwa nje. Wengi wanausoma uamuzi ule kama umaskini. Mimi nauona ni uhandisi mzuri.

Hata kubeba nje kuna mtego wake. Waingereza walituma nyambizi sita za daraja la X kuishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz na meli nyingine mbili kubwa za kivita huko Norwei, Septemba 1943. Kila moja ilikuwa na mabomu mawili ya tani 2, moja kila ubavu, yenye vyumba vya hewa ili yasielemee chombo. Vyumba vya X8 vikavuja, chombo kikalala ubavu, ikabidi mabomu yaachiliwe safarini, na la pili lilipolipuka likaiharibu X8 yenyewe hadi ikazamishwa makusudi. X9 ilipotea ikiwa inakokotwa. X10 ilirudi bila kushambulia kwa sababu ya dira na periskopu. Zilizoweka mabomu yake chini ya Tirpitz ni X6 na X7, na meli ikalala miezi kama sita. Kwa hiyo mpango wa chombo kibete uhesabu tangu mwanzo kwamba nusu havitafika, na sababu nyingi hazitakuwa za adui.

Seli_Kavu:

Tezi kamaliza uzito, nichukue betri na hewa. Watu huuliza "inakwenda kilomita ngapi" kana kwamba jibu ni moja.

Betri za risasi na asidi zinakupa kama watt-saa 35 kwa kilo. Tani 2 za betri ni kilowati-saa 70 kwenye karatasi, na ukitaka zidumu utumie kama 50. Nguvu ya kusukuma chombo inapanda kwa kipeo cha tatu cha mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, umeme unaliwa mara nane. Chombo kinachokula kilowati 20 kwa kilomita 10 kwa saa kitakula 2.5 kwa kilomita 5. Sasa ongeza kilowati 1.5 za feni, taa, sona (kifaa cha kupima kwa mwangwi wa sauti), dira na pampu, ambazo hazijali mwendo. Kwa kilomita 10 kwa saa unapata saa 2 na robo hivi, umekwenda kilomita 23. Kwa kilomita 5 kwa saa unapata saa 12 na nusu, kilomita 62. Ukipunguza tena hadi 2.5 unafikisha saa 27 na kilomita 69 tu, kwa sababu sasa feni na vifaa vinakula kuliko rafadha (panga linalosukuma chombo). Hapo ndipo watu wanaposhangaa: chini ya mwendo fulani, kwenda polepole hakukuongezei umbali, kunakuongezea muda tu. Anayetaka umbali akapunguze mzigo wa vifaa.

Nyambizi za Una za mwanzo hazikuwa na dizeli, zilitegemea kuchajiwa bandarini au na meli nyingine. Kroatia ilipobaki na moja ikairefusha na kuiwekea jenereta ya dizeli, ikaiita Velebit. Ukiweka injini, chagua dizeli. Wajerumani waliweka injini ya petroli kwenye Biber, chombo cha mtu mmoja cha tani 6, na moshi wake wenye kaboni monoksaidi uliua waendeshaji wakiwa wamekaa vitini.

Hewa. Mtu mmoja anayefanya kazi nyepesi anatumia kama lita 25 za oksijeni kwa saa na kutoa lita 20 za hewa ya ukaa. Watu wanne ndani ya nafasi ya mita za ujazo 10: hewa ya ukaa inapanda asilimia 0.8 kila saa. Saa nne uko juu ya asilimia 3, watu wanahema, vichwa vinagonga, maamuzi yanaharibika. Oksijeni ndiyo kila mtu anaikumbuka, lakini ukaa ndiyo unaotangulia kuwamaliza. Chokaa-soda kwa matumizi halisi inafyonza kama lita 100 za ukaa kwa kilo, kwa hiyo watu wanne wanataka kilo 19 hadi 20 kwa siku. Weka akiba ya siku tatu za kukwama na umefika kilo 80. Oksijeni ni lita 2,400 kwa siku, na mtungi wa lita 10 wa bar 200 una 2,000. Rudi sasa kwenye mzani wa Tezi uone inavyoumana.

Lithiamu inavutia kwa sababu inakupa mara tatu au nne kwa uzito uleule, ila isome historia. Chombo cha makomando wa Marekani kiitwacho ASDS kilianza na betri za fedha na zinki zilizokufa mapema kuliko ilivyotarajiwa, kikahamia lithiamu, na Novemba 2008 kikashika moto kikiwa kinachajiwa Pearl Harbor. Mpango ukafutwa 2009. Seli ya lithiamu ikianza kujichoma ndani ya bodi (ganda la chombo) iliyofungwa, moto ni nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni gesi, kwani huna dirisha. Kwa chombo chenye watu, betri ya lithiamu ikae kwenye silinda yake nje ya bodi ya watu, na iwe aina ya chuma na fosfati hata kama ni nzito zaidi. Kwa chombo kisicho na mtu unaweza kuwa jasiri zaidi, ila kichajie nje ya karakana.

Na anayebaki na risasi na asidi asijione salama: hidrojeni inalipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, na maji ya chumvi yakiingia kwenye seli zinatoa klorini. Feni ya betri isiwe na swichi ambayo mtu anaweza kuizima ili "kupunguza kelele".

Kina_Kifupi:

Nimeelewa kwa nini mnapenda zisizo na watu. Lakini mbona Cheonan? Manowari hiyo ya Korea Kusini ya tani 1,200 ilikatika vipande viwili, na uchunguzi ulionyesha kidole nyambizi ya tani 130. Hapo kibete kilishinda, au?

Tezi_na_Omo:

Ni kweli, tarehe 26 Machi 2010, mabaharia 46 walikufa, na uchunguzi wa kimataifa ulioongozwa na Korea Kusini ulisema ni topido kutoka nyambizi ndogo ya Kaskazini. Kaskazini wanakana hadi leo. Maji mafupi yenye mikondo na kelele za mawimbi ni maficho mazuri kweli: sona ya meli inapokea mwangwi wa kila jiwe, na chombo kidogo kinafanana na jiwe. Wakati wa vita ya pili Seehund ya Wajerumani, tani 17, ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mlipuko wa bomu la kina mara nyingi uliisukuma kando badala ya kuivunja.

Ila soma ukurasa wote. Jeshi hilohilo la Kaskazini, Septemba 1996 nyambizi yake ya daraja la Sang-O ilipanda mwamba pwani ya Gangneung ikashindwa kunasuka. Juni 1998 nyingine ndogo zaidi ilinasa kwenye nyavu za mvuvi karibu na Sokcho, na watu tisa walikutwa wamekufa ndani. Nyavu za mvuvi! Wewe umeandika mwenyewe kwamba bahari yako imejaa nyavu.

Au Mei 1942 huko Diego Suarez, Madagaska. Wajapani waliachia Ko-hyoteki mbili kutoka nyambizi mama. Topido iliipiga manowari Ramillies, nyingine ikaizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Matokeo makubwa kwa chombo cha tani 46. Hakuna baharia aliyerudi. Chombo kibete chenye watu kinaweza kupiga vizuri sana mara moja. Jeshi lenye vinne tu lijiulize lina wafanyakazi wa kutosha kwa hesabu hiyo.

Halafu uokoaji. Agosti 2005 chombo cha Kirusi AS-28 kilinaswa chini karibu na Kamchatka, kina cha mita 190, watu saba ndani, siku tatu. Warusi, pamoja na ukubwa wa jeshi lao, waliokolewa na chombo cha Kiingereza cha kuendeshwa kwa kebo, Scorpio, kilichokata kamba na nyavu. Ukijenga chenye watu bila mkataba uliosainiwa wa kuokolewa, umejenga jeneza lenye rafadha. Samahani kwa ukali.

Mwangwi:

Nichukue swali la "kinajuaje kilipo", maana ndilo linaloamua kama chombo kisicho na mtu kina maana au ni topido ghali iliyopotea.

GPS haipiti majini, hata sentimita chache. Kwa hiyo chombo kinahesabu: mwelekeo kutoka jairo (kifaa kinachohisi mzunguko wa chombo) au dira ya sumaku, mwendo kutoka sona inayopiga chini na kusoma jinsi mlio unavyobadilika. Sona hiyo ya mwendo ya kilohezi 600 inashika sakafu kutoka kama mita 90 juu yake, ya kilohezi 300 kama mita 200. Bahari yako ya mita 30 hadi 100 ni neema hapa. Kwenye kina kirefu chombo kinashuka mamia ya mita kikiwa kipofu, mkondo unakisukuma pembeni na hakijui.

Jairo ya nyuzi za mwanga ikiunganishwa na sona hiyo inakosea kama asilimia 0.1 hadi 0.5 ya umbali. Safari ya kilomita 20 ni mita 20 hadi 100 za kosa. Dira ya sumaku peke yake ni hadithi nyingine: kosa la uzi 1 ni mita 17 kwa kila kilomita, na kosa la nyuzi 4 ni la kawaida kabisa ukiirekebisha chombo kikiwa mezani. Irekebishe chombo kikiwa majini, betri zote zikiwa mahali pake, mota ikizunguka kwa mwendo wa kazi. Waya wa betri unaobeba ampia 30 karibu na dira una sumaku yake.

Makosa mawili yanayorudiwa kila mahali. La kwanza, sona ya mwendo na jairo hazijafungwa sambamba. Nyuzi 1 ya mpishano inaonekana kama mkondo usiokuwepo. Dawa yake ni kwenda kilomita moja au zaidi na kurudi kwenye mstari uleule, kisha kulinganisha na GPS juu ya maji: kosa likigeuka upande ulipogeuka, ni mpishano, likibaki upande uleule, ni mkondo. La pili ni chumvi. Sona inakadiria mwendo kwa kasi ya sauti. Chumvi ikipungua gramu 10 kwa kilo, kasi ya sauti inapungua kama mita 12 kwa sekunde kati ya 1,500, yaani umbali wako wote umekosewa asilimia 0.8. Mdomo wa mto unaomzamisha Tezi ndio huohuo unaompoteza roboti. Weka sensa ya chumvi, usiandike namba ya kudumu kwenye programu.

Mawasiliano: sauti inachukua sekunde 3.3 kufika kilomita 5, halafu inapinda kwenye tabaka za joto na kukatika. Unapata mamia ya biti kwa sekunde hadi elfu chache siku nzuri. Huwezi kukiendesha, unaweza tu kukiambia "rudi" na kuomba kisikie. Kwa hiyo kazi kubwa ya programu ni kujua lini iache kazi. Sheria zangu za mwanzo ni hizi: urefu kutoka sakafu ukishuka chini ya kiwango, panda, kina kikizidi, panda, maji yakigunduliwa ndani, angusha uzito, kompyuta kuu ikinyamaza sekunde kadhaa, kifaa kidogo cha pembeni kiangushe uzito bila kuuliza. Sumaku inayoshika uzito iwe ya kukatika umeme ndipo iachie, isiwe kinyume. Na kwa nyavu: mota inakula umeme mwingi huku sona inasema mwendo ni sifuri. Wengi wanaandika "ongeza nguvu". Kosa. Simamisha rafadha mara moja, rudisha nyuma polepole mzunguko mmoja mmoja, kisha angusha uzito. Rafadha inayozunguka ndani ya jarife inajishona.

Chombo kidogo kina rekodi nzuri ya kazi. REMUS 100 ina kilo 37, kipenyo cha sentimita 19, na mwaka 2003 ilitumika kutafuta mabomu ya baharini Umm Qasr, Iraki. Watu wawili wanaibeba. Kubwa ni mchezo mwingine: Orca ya Marekani, iliyotokana na Echo Voyager ya Boeing ya urefu wa mita 15.5, ukaguzi wa serikali yao wa 2022 ulikuta imechelewa angalau miaka mitatu na kuzidi makadirio kwa dola milioni 242, sawa na asilimia 64. Wao wenyewe wameyumba hivyo. Jeshi la boti za doria lisianzie hapo.

Sheria pia, mkuu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, kifungu cha 20: ndani ya maji ya nchi nyingine, nyambizi na vyombo vingine vya chini ya maji vinatakiwa vipite juu ya maji na kuonyesha bendera. Roboti haijatolewa humo. Na vitu hivi hukamatwa. Desemba 2016 China ilikichukua chombo cha Marekani cha kuteleza majini huko Bahari ya China Kusini, na Desemba 2020 mvuvi wa Indonesia aliokota kinachofanana na cha Kichina karibu na Selayar. Diski ya ndani iwe imefungwa kwa ufunguo usiokaa ndani ya chombo hichohicho.

Oringi_Safi:

Mnaongea vizuri, lakini vyombo hivi havifi kwa hesabu, vinakufa kwa unywele. Unywele mmoja ukilala kukatisha oringi (pete ya mpira ya kuziba maji) ni njia ya maji.

Kila mara bodi inapofunguliwa: toa oringi kwa kijiti cha plastiki, kamwe usitumie bisibisi, maana mkwaruzo kwenye mfereji hauzibiki kwa grisi. Futa mfereji kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Pitisha ukucha. Pitisha oringi yote kati ya vidole viwili chini ya taa, mtu wa pili arudie. Grisi ya silikoni iwe ya kung'arisha tu. Ukiona bonge, ni nyingi, na mchanga unapenda bonge. Mfereji uwe umechongwa ili oringi ibanwe asilimia 15 hadi 25. Kaza bolti kwa kukatisha, si kwa kuzunguka.

Kisha vuta hewa ya ndani hadi bar 0.7, funga vali, subiri nusu saa. Presha ikipanda, inavuja. Mtego ni huu: ukifanya jaribio mara tu baada ya kuchaji, ndani kuna joto. Joto likishuka nyuzi 3, presha inashuka asilimia 1 yenyewe, na inaweza kuficha tobo linalopandisha kwa kiasi hichohicho. Acha chombo kipoe kwanza. Na msidhani kina kirefu ndicho cha kuogopa. Oringi ya uso hubanwa zaidi kadiri unavyoshuka. Nyingi huvuja mita 2, kwenye mawimbi, pale gatini.

Plagi za nje: pin ikiwa nyeusi au kijani, kulikuwa na umeme wakati maji yapo. Usiwashe kabla ya kuziba plagi zote ambazo hazitumiki. Paka silikoni, si grisi ya gari, ile inavimbisha mpira.

Kutu. Bolti ya stenlesi ndani ya aluminiamu bila washa ya plastiki na soksi yake ni betri ndogo inayokula bodi yako. Vipande vya zinki vya kujitolea visipakwe rangi (ndiyo, hutokea), na kwenye maji yenye chumvi kidogo tumia vya aluminiamu, zinki inazubaa. Stenlesi ya 316 nayo si mtakatifu: chini ya oringi, kwenye maji ya joto yaliyotulia, inatoboka vishimo. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila ikitoka.

Kwa wanaojenga bodi ya watu: mita 100 ni bar 10, karibu tani 100 kwa kila mita ya mraba. Silinda ya kipenyo cha mita 1.5 na bamba la milimita 10 inabeba mkazo wa kama megapaskali 75 tu, chuma cha kawaida kinacheka. Kinachoua si kupasuka, ni kubonyea. Silinda isiyo duara inabonyea mapema sana. Kipimo cha kawaida ni mkengeuko usiozidi asilimia 0.5 ya nusu kipenyo, yaani milimita 3.75 hapo. Joto la kuchomelea mbavu linavuta bamba kuliko hiyo ukichomelea upande mmoja mfululizo. Chomelea kwa kubadilishana pande, pima kila nyuzi 15 kuzunguka, kabla na baada. Na asije mtu na wazo la silinda ya nyuzi za kaboni kwa watu. Titan ilibonyea hivyo Juni 2023, watu watano wakafa.

Kina_Kifupi:

Asanteni sana. La mwisho: kama tunaanza na vidogo vya kilo 40 hadi 300 visivyo na mtu, siku ya kwanza majini tunafanya nini kwanza?

Tezi_na_Omo:

Pima maji kabla ya chombo. Teka ndoo kutoka pale pale utakapofanyia kazi, chini na juu, pima uzito wa maji kwa haidromita. Kisha chombo kizima kwenye mzani, betri ndani, plagi zote, kamba ya kuvutia imefungwa.

Kiweke kwenye bwawa au kando ya gati, uzi mwembamba omo na tezi. Lengo ni kielee kwa ziada ya asilimia 0.5 hadi 1: kwa kilo 300 ni kilo 1.5 hadi 3. Ongeza vipande vya risasi mpaka mzani wa kuning'inia usome hivyo, ukikumbuka kukokotoa tofauti ya maji ya bwawa na ya bahari. Kwa kilo 300 tofauti ya maji baridi na chumvi kamili ni zaidi ya kilo 7. Sogeza risasi mbele na nyuma mpaka kilale sawa, kisha bonyeza ubavu uone kinarudi. Kama kinarudi kwa uvivu, shusha risasi chini zaidi. Angusha uzito wa dharura mara tatu, moja kati ya hizo umeme ukiwa umekatwa kabisa.

Andika kila gramu kwenye daftari la chombo hicho. Mtu akibadilisha kamera wiki ijayo, akapime kwanza.